Barua Kabla ya Jiwe: Käthe Kollwitz na Kumbukumbu ya Roggevelde

Mwenyekiti, walimu wetu, wachongaji wenzangu na ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumze juu ya kumbukumbu za vita na watu wanaozichonga. Nimeona heri nishike kumbukumbu moja tu, na hata hiyo moja nitaielezea zaidi kwa karatasi zilizoandikwa kabla haijasimama kuliko kwa jiwe lenyewe. Ni sanamu mbili za wazazi waliopiga magoti, baba na mama, ambazo msanii wa Berlin Käthe Kollwitz aliziweka mwezi Julai 1932 katika makaburi ya askari wa Kijerumani huko Roggevelde, karibu na kijiji cha Esen, katika jimbo la Flanders nchini Ubelgiji. Mwanawe mdogo, Peter, aliuawa katika eneo hilo mwezi Oktoba 1914. Kati ya kifo hicho na siku sanamu ziliposimikwa ilipita karibu miaka 18, na muda wote huo mama huyu hakuacha kuandika. Aliwaandikia marafiki, akamwandikia mwanawe mkubwa Hans, akaliandikia gazeti, akamwandikia mwandishi wa Ufaransa ambaye taifa lake lilikuwa limepigana na taifa lake yeye, na katika shajara yake akamwandikia Peter mwenyewe, akimwita kwa jina na kumwahidi kazi itakayofanywa kwa ajili yake.

Nazihesabu kurasa hizo za shajara kuwa barua, ingawa hazikuwa na anwani wala stempu, kwa sababu zinamhusu mtu anayesemeshwa na kwa sababu zina ahadi ambayo mwandishi alijiona amefungwa nayo kama mtu aliyetia saini mkataba. Mtu akizisoma pamoja na barua zilizopelekwa posta kweli, anaona jambo ambalo jiwe peke yake haliwezi kumwambia: kumbukumbu hii ilijengwa kwa kuondoa. Mwaka hadi mwaka msanii alipunguza kitu katika wazo lake, na kitu kikubwa kuliko vyote alichokiondoa ni mwili wa mwana ambaye kumbukumbu ilikuwa yake.

Kollwitz alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Königsberg, na mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari aliyewatibu wafanyakazi na maskini katika mtaa wa kaskazini mwa Berlin. Sifa yake ya kwanza ilitokana na michoro ya chapa, yaani picha zinazochongwa kwenye bamba au ubao kisha kupigwa chapa kwenye karatasi, na uchongaji wa sanamu aliuingia akiwa mtu mzima. Mwaka 1904 alijifunza misingi yake Paris, na katika safari hiyo alimtembelea mchongaji Mfaransa Rodin. Nalitaja hili kwa sababu ugumu wa miaka ile 18 haukuwa wa huzuni peke yake. Mkono uliozoea sindano na bamba la chapa ulikuwa bado unajifunza udongo na plasta, na msanii mwenyewe alilijua hilo.

Vita vilipoanza Agosti 1914, Peter alikuwa na miaka 18 na alitaka kujitolea jeshini. Kwa umri wake alihitaji idhini ya baba, na baba alikataa, akisema kwamba nchi bado haikuwa imewaita vijana wa rika lake. Kijana akamgeukia mama. Mama akasimama upande wake, akamwomba mumewe akubali, na Karl akakubali. Tukio hili limeandikwa katika shajara kwa ufupi, bila kujitetea, na nadhani hakuna anayeweza kuielewa sanamu ya mama pale Ubelgiji bila kujua kwamba mwanamke aliyeichonga ndiye aliyeuomba mlango ufunguliwe. Peter aliondoka Berlin katikati ya Oktoba, na usiku wa kuamkia tarehe 23 mwezi huohuo alikuwa amekwisha kufa. Habari ziliifikia nyumba yao tarehe 30.

Miongoni mwa barua za siku hizo imo moja fupi sana waliyopelekewa marafiki waliokuwa wamempatia kijana yule skafu ya kumkinga na baridi. Kollwitz aliwaarifu kwamba skafu yao nzuri haitaweza tena kumpa joto mtoto wao, kisha akawaambia amelala chini ya ardhi. Mchongaji yeyote aliye hapa ataona namna anavyoandika: hataji taifa, hataji ushujaa, anashika kitu kimoja kinachogusika na kukiacha kibebe uzito wote. Miaka mingi baadaye ndivyo alivyokuja kuchonga. Lakini hakuanza hivyo, na hapo ndipo barua na shajara zinapokuwa za thamani kwetu.

Tarehe 1 Desemba 1914, wiki chache tu baada ya kupata habari, aliandika mpango wa kwanza. Kumbukumbu ingekuwa na umbo la Peter amelala amenyooka, baba kichwani pake na mama miguuni. Ingesimama juu ya kilima cha Schildhorn, mahali panapotazama mto Havel nje ya Berlin, nayo ingezinduliwa siku nzuri ya kiangazi huku watoto wa shule wakiimba. Ingekuwa ya Peter, na pia ya vijana wote waliojitolea wakafa. Nauona mpango huu kuwa wa kweli kabisa kwa saa ile aliyouandika. Nauona pia kuwa mpango ambao kamati yoyote ya mwaka 1914 ingeupitisha siku hiyohiyo, maana una kila kitu kilichotarajiwa: kijana mzuri aliyelala, wazazi wanaomtoa, kilima, wimbo na jua. Sadaka imekamilika na imepokelewa. Kilichobaki kwa mtazamaji ni kuvua kofia.

Kazi ilianza, lakini haikutulia. Shajara ya miaka iliyofuata inamwonyesha akifinyanga, akibomoa na kurudia, huku chumba cha Peter nyumbani kikitunzwa kama alivyokiacha. Marafiki wa kijana waliendelea kuja kuwatembelea wazazi, na baadhi yao nao wakauawa vitani. Kadiri vita vilivyorefuka ndivyo imani iliyoubeba mpango wa kwanza ilivyomtoka. Kufikia Oktoba 1916 alikuwa anamuuliza Peter, katika shajara, kama ni kumsaliti kwamba sasa haoni katika vita chochote isipokuwa wazimu. Swali hilo lina uzito kwa mchongaji kuliko linavyoonekana. Kama kijana alikufa akiamini, na mama haamini tena, basi yule kijana wa plasta aliyelala kwa amani anasema imani ya nani? Kumwonyesha akiwa ametulia ni kusema neno ambalo mama hawezi tena kulisema, na kumwonyesha akiteseka ni kumnyang'anya marehemu kile alichokifia. Sioni jibu la swali hili katika udongo, na naamini yeye pia hakuliona; ndiyo maana umbo lile lililolala lilimshinda miaka yote hiyo.

Mabadiliko hayo yalitoka hadharani kwa njia ya barua. Mwezi Oktoba 1918, Ujerumani ikiwa inashindwa, mshairi Richard Dehmel alichapisha katika gazeti la Vorwärts wito wa kuwataka wanaume wajitolee kwa mapambano ya mwisho. Kollwitz alimjibu katika gazeti hilohilo, siku chache kabla ya vita kwisha. Alimjibu kwa heshima, akitambua kwamba Dehmel mwenyewe alikuwa amejitolea na kupigana, lakini alikataa kabisa kwamba nchi iendelee kumwaga damu ya vijana wake. Alimalizia kwa kusema kwamba waliokufa wanatosha na asife hata mmoja tena, kisha akamwekea mshairi maneno ya Goethe, mshairi mkuu wa Kijerumani wa zamani: mbegu za kupandia hazipaswi kusagwa. Maneno hayo hayakuwa mapya kwake. Alikwisha kuyatumia katika shajara, mapema katika vita, kumhusu Peter mwenyewe. Yalikuwa maombolezo ya nyumba moja, na kufikia 1918 yamekuwa hoja dhidi ya mshairi mashuhuri mbele ya taifa zima.

Baada ya barua ile, mpango wa Schildhorn usingeweza kuendelea ulivyokuwa. Mwezi Juni 1919 alisimamisha kazi ya kumbukumbu. Mwaka huohuo alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sanaa cha Prussia na kupewa cheo cha profesa, kwa hiyo aliacha kazi hii akiwa na nafasi na jina kuliko alivyowahi kuwa navyo. Katika shajara alimwambia Peter kwamba atarudi, na kwamba kazi hii ataifanya kwa ajili yake na ya wengine. Naomba mliangalie neno la mwisho, wengine, kwa kuwa kuanzia hapo wanazidi kupata nafasi.

Aliporudi kwenye mada ya vita alirudi kwa kisu na mbao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alichonga chapa saba za mbao juu ya vita, na mwezi Oktoba 1922 alimwandikia Romain Rolland, mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa amepinga vita tangu mwanzo, akimweleza kwamba alijaribu mara nyingi kuvipa vita umbo na hakuweza kamwe kuvishika, hadi sasa alipomaliza mfululizo huu unaosema sehemu ya kile alichotaka kukisema. Alitaka chapa hizo zizunguke dunia nzima na kuwaambia watu wote kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, na haya ndiyo tuliyoyabeba sote. Barua hii kwa Mfaransa naiona kuwa sehemu ya upangaji wa kumbukumbu, japo haiitaji, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ndani ya mfululizo ule imo chapa ya wazazi: mume na mke wamepiga magoti, wameinamiana na kushikana mpaka wamekuwa gogo moja jeusi, na mtoto hayumo. Ya pili ni kwamba mwandikiwa wa huzuni yake amekuwa mtu wa upande wa pili wa mahandaki, na sanamu zitakazosimama katika ardhi ya Ubelgiji zilihitaji kwanza kupita katika fikra hiyo.

Katikati ya miaka ya 1920 aliishika tena ahadi yake, na safari hii kumbukumbu imehama. Haiko tena Berlin, juu ya kilima, mbele ya watoto wa shule; iko makaburini kwenyewe, katika nchi ambayo jeshi la Ujerumani liliivamia. Peter hayumo katika umbo. Wamebaki wazazi peke yao. Mnamo Oktoba 1925 alimwazia mama akipiga magoti na kuyatazama makaburi mengi, amenyoosha mikono juu ya wanawe wote, na baba naye akipiga magoti. Hapo bado kuna ishara inayosema na watu kwa sauti, mikono iliyonyooshwa. Hiyo nayo ilikuja kuondolewa.

Sasa nifike kwenye barua ambayo kwangu ni moyo wa jambo hili zima. Mwezi Juni 1926 Käthe na Karl walisafiri hadi Roggevelde, na Käthe akamwandikia Hans na mkewe kuwaeleza walichokiona. Ni barua ya mama aliyefika kwenye kaburi la mtoto, na wakati huohuo ni taarifa ya mchongaji aliyekwenda kukagua kiwanja, na mambo hayo mawili yamo katika sentensi zilezile bila moja kulisukuma lingine. Anaeleza kwamba lango ni pengo tu katika ua wa miti unaozunguka uwanja, na kwamba lilikuwa limezibwa kwa seng'enge, ambayo kijana mmoja mwema aliipinda ili wapite, kisha akawaacha peke yao. Anaeleza misalaba midogo iliyosongamana, jina na namba vikiwa kwenye kibamba cha chuma, na udongo wa manjano ulio wazi karibu kila mahali. Anaeleza kwamba makaburi mengi, kama nusu yake, yameandikwa kwamba aliyelala humo ni Mjerumani asiyejulikana. Walilipata kaburi la Peter, wakakata mawaridi mwitu matatu madogo na kuyaweka kando ya msalaba.

Kisha anaanza kupima. Alikuwa amefikiria kuziweka sanamu pande mbili za lango. Akiwa pale aliona kwamba haifai, na yeye na Karl wakakubaliana kwamba mahali bora ni mkabala na lango, kule mwisho kwenye ua, ili wale wawili waliopiga magoti wawe na makaburi yote mbele yao. Jambo hili linabadilisha kila kitu. Sanamu zilizo langoni ni walinzi au wapokeaji wa wageni. Zinamtazama aingiaye, na makaburi yako nyuma ya migongo yao. Sanamu zilizo mwisho wa uwanja, zikitazama ndani, hazina habari na mgeni. Mgeni anatembea katikati ya misalaba mpaka anafika mbele yao, na njia nzima anajikuta yuko kati ya wazazi na watoto wao. Uamuzi huo haukufanyika karakanani. Ulifanyika kwa miguu, juu ya udongo ule wa manjano, na tunaujua kwa sababu mtu alikwenda akaandika barua.

Katika barua hiyohiyo anatoa hukumu ambayo ningependa kila kamati ya kumbukumbu iisome kabla haijaagiza hata mfuko mmoja wa saruji. Aliona kwamba makaburi ya Waingereza na ya Wabelgiji yana mwanga zaidi, hata yana uchangamfu na yanapendeza kukaa, lakini yeye aliyapenda zaidi yale ya Kijerumani. Vita, alisema, havikuwa jambo la kupendeza, na haistahili kuvipamba kwa maua vifo vya halaiki ya vijana; makaburi ya vita yanapaswa kuwa ya huzuni. Alifurahi kwamba hakuna aliyekwisha kuweka pale sanamu za mapambo, na kwamba uwanja umebaki mtupu na mpweke. Ninaheshimu bustani za Waingereza na sidhani aliyezipanda alikuwa na nia ya kuficha chochote. Hata hivyo, nakubaliana na Kollwitz kuhusu kazi ya mchongaji: akiingia mahali ambapo utupu wenyewe unasema, wajibu wake wa kwanza ni kutoufunika.

Aliporudi Berlin alifanya kazi kwa miaka mingine mitano hivi. Baba alipewa sura inayomfuata Karl, na mama sura yake Käthe mwenyewe. Baba amepiga magoti akiwa wima, mikono yote miwili imezunguka kifua chake na kujishika, kama mtu anayejizuia asivunjike. Mama ameinama, kichwa chini, nguo imemfunika, mkono uko shavuni. Ile mikono iliyonyooshwa ya mwaka 1925 imerudishwa ndani. Wale wazazi waliokuwa gogo moja katika chapa ya mbao sasa wametenganishwa, kila mmoja juu ya kitako chake, na kati yao kuna nafasi ambayo mtu anaweza kupita. Mara nyingi nimeulizwa na wanafunzi kwa nini wasishikane. Nikikumbuka usiku ule wa Agosti 1914, mmoja akikataa na mwingine akiomba, sioni jinsi nafasi ile ingeweza kuzibwa bila kusema uongo.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1931 alizionyesha sanamu za plasta katika Chuo cha Sanaa cha Prussia. Aliandika kwamba kwa miaka alikuwa amezifanyia kazi kimya, bila kumwonyesha mtu, hata Karl na Hans kwa shida, na sasa anafungua milango wazi. Baadaye mafundi wawili walizitoa katika graniti ya Ubelgiji, August Rhades akimchonga baba na Fritz Diederich akimchonga mama. Ni haki tuwataje, kwa sababu jiwe lile gumu lilipita mikononi mwao. Mwaka 1932 zilionyeshwa kwa muda katika Nationalgalerie, jumba la sanaa la Berlin, kisha zikasafirishwa hadi Flanders, na mwishoni mwa Julai wazazi wakaenda kusimamia usimikaji. Käthe alikuwa ametimiza miaka 65 mwezi huohuo. Katika shajara, mwezi Agosti, anasimulia jinsi siku ya mwisho alivyosimama mbele ya yule mwanamke wa jiwe, akaona uso wake mwenyewe, akalia na kuyapapasa mashavu yake. Karl alikuwa nyuma yake, na Käthe hakujua kwamba mumewe yuko hapo mpaka alipomsikia akinong'ona, ndiyo, ndiyo.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Mapema mwaka 1933, Hitler alipoingia madarakani, Kollwitz alilazimishwa kujitoa katika Chuo cha Sanaa baada ya kutia saini wito wa kuwaunganisha wapinzani wa Wanazi. Karl alifariki mwaka 1940. Mwaka 1942 mjukuu wake, mtoto wa Hans, ambaye alikuwa amepewa jina la Peter kwa ajili ya ami yake, aliuawa vitani Urusi. Mwaka uliofuata nyumba ya Berlin iliteketea kwa mabomu, na kazi nyingi na karatasi nyingi zikaungua humo. Yeye mwenyewe alifariki Moritzburg tarehe 22 Aprili 1945, vita vikiwa karibu kwisha. Hans, aliyepokea barua ile ya Juni 1926, ndiye aliyekusanya kilichosalia na kuanza kukichapisha mwaka 1948.

Sanamu zenyewe hazipo tena mahali barua ilipozipangia. Katika miaka ya 1950 makaburi madogo ya Wajerumani katika eneo hilo yaliunganishwa, na mnamo 1956 mabaki ya waliozikwa Roggevelde yakahamishiwa Vladslo, mwendo mfupi kutoka hapo, ambako sasa wamelala zaidi ya askari 25,000. Wazazi wawili wa jiwe walihamishwa pamoja nao. Ua wa miti, pengo la lango na udongo wa manjano vilibaki nyuma, na misalaba imeondoka. Majina yako juu ya mawe bapa yaliyolala ardhini, kila jiwe likiwa na majina mengi, na jiwe lenye jina la Peter Kollwitz liko karibu mbele ya baba yake. Lakini waliohamisha walizisimika sanamu mwisho wa uwanja, zikitazama ndani, makaburi yote yakiwa mbele yao, kama Käthe na Karl walivyokubaliana mwaka 1926.

Asanteni kwa kunisikiliza.